Pigo la Kumi na Moja

Mtu akiniambia "punguza kelele", damu hunichemka. Neno hilo nimeambiwa tangu nina miaka kumi na minne. Nimeambiwa na mama yangu, na walimu, na majirani wa nyumba tatu tofauti, na mwanamume mmoja aliyetaka kunioa, ambaye naye aliishia hapo hapo. Na wiki ile niliambiwa na meneja wa kiwanda, mbele ya wenzangu, nikiwa nimelala chali chini ya mashine na grisi hadi kwenye kope.

"Nati, punguza hizo kelele zako uniambie. Itapona au haitapona?"

Nati ndilo jina langu la kazini, kwa sababu mfukoni sikosi nati mbili tatu. Na wala sikuwa nimewasha muziki. Nilikuwa naimba tu kwa ile sauti ya kuunguruma, ya chini kabisa ya koo, ambayo hunitoka nikikutana na boliti iliyoshika kutu. Mimi ni mpenzi wa metali, ule muziki wa magitaa mazito na ngoma za kasi. Nina miaka arobaini na mitatu, nina magoti yanayolia nikipanda ngazi, na bado napenda muziki ambao watu wakiusikia wanauliza kama kuna aliyeumia.

"Itapona," nikasema.

"Lini?"

Hapo nikarudi kwenye boliti yangu, maana sikujua.

Kiwanda chetu kinatengeneza madaftari ya shule. Mashine kubwa ni moja, na tunamwita Bibi, kwa sababu ni mkubwa kuliko meneja na hapendi kuharakishwa. Karatasi zinaingia upande mmoja, zinavishwa jalada, zinasukumwa hadi zinagonga kizuio, zinapigwa pini mbili mgongoni, zinakunjwa, zinakatwa kingo, na mwisho wa yote linatoka daftari. Miaka kumi na tisa mimi ndiye fundi wake. Nikimgusa ubavuni najua kama ameamka vizuri.

Sasa tangu Jumatatu Bibi alikuwa anaharibu. Yanatoka madaftari mia safi kabisa, halafu moja linatoka pini zimekaa kombo. Yanatoka thelathini, halafu mabovu mawili. Kisha mia mbili bila kosa, unaanza kushukuru, kumbe anakuvutia pumzi tu. Nilibadilisha waya wa pini. Nikafungua kichwa cha kupigia pini mara nne. Nikanoa visu, nikakaza mikanda. Bado.

Jumatano meneja akaleta mtaalamu kutoka nje. Alikuja na shati jeupe, akakaa na Bibi dakika ishirini bila hata kukunja mikono ya hilo shati, akatamka kwamba mhimili mkuu umepinda. Haponi. Auzwe chuma chakavu.

"Mhimili uko sawa," nikamwambia. "Nimeupima mwenyewe."

"Umeupima kwa nini, mama?"

"Kwa macho yangu na kipimo cha kiwanda. Wewe umeupima kwa nini?"

Meneja akaingilia kati kabla sijampa vidonge vyake vyote. Akatuita wote saba, mimi na wanawake sita wa mstari wa Bibi, akasema bila kupepesa: Ijumaa saa sita mchana. Ikifika saa hiyo Bibi bado anaharibu, yeye meneja atazima umeme, lori linakuja kumbeba, na madaftari ya shule yanahamia kiwanda kingine. Sisi saba tutapewa barua. Hakuwa mtu mbaya, meneja yule. Alikuwa kijana mwenye tai na wakubwa wanaompigia simu.

Dada Gundi, anayebandika majalada pembeni yangu tangu tukiwa wembamba, alijifuta mikono kwenye kanga. Ana watoto wanne, na mume ambaye tuseme yupo tu. Alinitazama mara moja, akarudi kwenye gundi yake. Ningependelea anitukane.

Nyumbani naishi na mama. Jumatano ile nilimkuta anakunja nguo, akaniuliza mashine vipi, nikamwambia.

"Mimi nilishasema," akasema, akinyoosha shuka. "Hayo makelele yako yamekula masikio. Fundi wa mashine anahitaji masikio."

"Mama, tafadhali."

"Nanyamaza. Nilisema tu."

Mama aliongoza kwaya miaka thelathini. Nilipokuwa mdogo alinikalisha mbele ya sauti ya pili nikahesabu kwa kupiga makofi, na nikikosea alinipiga kofi la kisogoni, jepesi, la kunirudisha kwenye mstari. Halafu siku moja nikaleta nyumbani kanda ya metali. Akaisikiliza kwa sekunde kumi, akaitoa kwenye redio kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya, akaiweka juu ya kabati kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Tulinuniana sana mwaka ule. Mpaka leo, nikiwasha muziki wangu chumbani, anabisha mlango kwa fundo la kidole: punguza.

Ile kanda haikuwa yangu peke yangu, na hapo ndipo wanapoingia wenzangu watatu.

Tulikutana ujanani kwenye kibanda cha kurekodia kanda, ambako kulikuwa na kanda moja tu ya metali, nasi tulikuwa wanne tuliokuja kuulizia. Tukachanga, tukainunua, tukawa tunakaa nayo wiki wiki. Katikati ya wimbo wa tatu, shangazi ya mmoja wetu alibonyeza kitufe vibaya akarekodi hotuba yake ya harusi. Kwa hiyo sisi wanne, hadi kesho, gitaa likifika pale tunasikia shangazi akimwambia bibi harusi avumilie. Nilikuja kuusikia wimbo huo mzima nikiwa mtu mzima, nikauona una pengo.

Huyo mwenye shangazi sasa ni Mama Pacha, mshonaji. Anapenda metali yenye vinanda na waimbaji wengi nyuma, ya kulia machozi. Anasema pacha wake hawakuwahi kulala usingizi wa maana mpaka alipowawekea ngoma za kupigwa kwa miguu yote miwili. Wa pili ni Meno, daktari wa meno, yeye anataka kasi tu. Kliniki kwake muziki unapigwa kwa sauti ya chini kabisa, na wagonjwa wanadhani ni mashine ya kuchimbia. Wa tatu ni Mwalimu, wa hesabu, anayependa ile ya polepole, nzito, ya kuburuta miguu. Zamani alifuga nywele hadi mabegani, mkuu wa shule akamfukuza darasani azikate. Sasa hana hata unywele mmoja, na anasema hasara ni ya mkuu wa shule, yeye anatikisa upara.

Kwenye simu tuna kundi letu linaloitwa Wenye Masikio. Humo tunaongea kila kitu: paa la Mwalimu linalovuja, mteja wa Mama Pacha aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa, nani ameota kitambi. Ila Alhamisi tuna mchezo, na mchezo huo una sheria. Mmoja anatuma kipande cha dakika moja bila jina la bendi wala la wimbo. Wengine wanasikiliza, wanasema ya moyoni, wanatoa alama kati ya kumi. Aliyetuma anafunga mdomo mpaka wote watatu wawe wametoa alama. Hakuna kuelezea wala kujitetea. Tumegombana kwenye mchezo ule kuliko nilivyogombana na ndugu zangu wa damu.

Alhamisi ile ilikuwa zamu yangu.

Kipande nilikuwa nacho tayari, cha bendi ya vijana fulani wasiojulikana, mwimbaji wao anaunguruma hadi unahisi anapasuka kitu. Lakini asubuhi ile akili yangu haikuwa kwenye mchezo. Nilikuwa nimebaki na tumaini moja, nalo ni Babu Spana, mzee aliyenifundisha kazi. Amestaafu, anakaa mbali, macho yamepungua, lakini masikio yake yalikuwa sifa ya kiwanda. Mchana, kabla ya kula, nikasimama karibu na Bibi, nikainua simu, nikarekodi dakika moja ya mlio wake. Nikatoka nje kwenye mwanga. Nikamtumia Babu Spana, nikaandika chini yake: "Babu, msikilize Bibi, uniambie anaumwa nini." Nikatuma na kile kipande cha kundi, kwa kuwa zamu ni zamu. Kisha nikaifungia simu kabatini, nikarudi chini ya mashine na vizuia sauti vyangu masikioni.

Saa tisa, wakati wa mapumziko, nikaitoa simu. Babu Spana alikuwa amejibu kwa sauti. Nikaiweka sikioni.

"Binti yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, "nimesikiliza mara mbili. Miaka hamsini sijasikia mashine katika hali hiyo. Hiyo haiponi. Zima umeme, ondoa watu wote, usimruhusu yeyote aisogelee. Pole sana, mwanangu. Bibi amekwenda."

Nilikaa juu ya ndoo ya gundi iliyofunikwa nikalia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, na kamasi juu. Nilikuwa nimemwambia mtaalamu wa watu amekosea, mbele ya kila mtu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa sioni wala sisikii. Nilimfikiria Dada Gundi. Nilimfikiria mama na lile shuka lake. Baada ya muda nikajikaza, nikafungua kundi niwaambie wenzangu kwamba leo mchezo sina, wanisamehe.

Kulikuwa na jumbe hamsini na tatu.

Wa kwanza alikuwa Mama Pacha. "Nani kawaruhusu hawa kuingia studio? Hakuna mwimbaji, hakuna gitaa, ni kama cherehani yangu ikijifungua. Mbili."

Meno: "Mama Pacha kaa kimya, hujui kitu. HATIMAYE! Huyu mpiga ngoma ni mnyama! Hapumziki! Nimemwacha mgonjwa mdomo wazi ili nirudie kusikiliza. Tisa, na ile moja nimeibakiza kwa ajili ya adabu tu."

Mama Pacha: "Tisa? Wewe shemeji zako wana haki ya kukuogopa."

Nikausoma tena ujumbe wa Meno. Mpiga ngoma gani asiyepumzika? Wimbo niliouchagua unaanza na mwimbaji, na anaunguruma mwanzo hadi mwisho. Nikabonyeza kile kipande nilichowatumia. Simu ikatoa mlio wa Bibi. Pa, pa, pa, pa, kizuio kikigongwa na daftari moja baada ya jingine, na visu vikikwaruza nyuma yake.

Jamani. Nilikuwa nimebadilisha. Kundi nimelitumia mashine, na Babu Spana, mzee wa watu, nimemtumia metali!

Nikaanza kucheka huku machozi hayajakauka. Dada Gundi akachungulia, akaniona, akadhani nimerukwa na akili. Nilikuwa tayari kuandika "futeni, nimekosea", kidole kiko hewani, ndipo nikaona ujumbe wa Mwalimu. Mwalimu huwa wa mwisho siku zote, kwa sababu yeye hasikilizi, yeye anasahihisha.

"Nimewapa kidato cha pili mazoezi ili nihesabu kwa utulivu," aliandika. "Mnabishana bila kusikiliza. Kila pigo la kumi na moja linachelewa. Si la kumi, si la kumi na mbili. La kumi na moja, mwanzo hadi mwisho, bila kukosa hata mara moja. Ni kidogo kama ukucha, lakini linachelewa. Mpiga ngoma huyu ama amelewa kwa mpangilio, ama ni fundi mkubwa. Nane."

Meno alikuwa amejibu: "Kweli kabisa! Na baada ya lile linalochelewa kuna kijisauti tii, chembamba, nyuma kabisa. Nilidhani ni kengele. Nakijua kijisauti hicho. Jino lenye ufa likibonyezwa linalia hivyo hivyo."

Nilijikuta nimesimama, sijui nimesimama saa ngapi.

Kabla ya kupigwa pini, kila daftari linasukumwa na kidole cha chuma. Vidole hivyo vimefungwa kwenye mnyororo unaozunguka chini ya meza, kimoja kinasukuma daftari, kinashuka, kinazunguka, kinarudi. Nimevipaka grisi miaka kumi na tisa. Sijawahi hata siku moja kuvihesabu. Kwa nini nivihesabu? Pini ndizo zilizokuwa kombo, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa nimekaa kwenye pini.

"Dada Gundi!" nikapiga kelele, kelele hasa. "Njoo unishikie taa!"

Tukamzima Bibi, tukafungua kifuniko cha chini. Nikauzungusha mnyororo kwa mkono, na kila kidole kilichopita nikakipaka chaki. Dada Gundi akawa anahesabu kwa sauti. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kisha ikarudi chaki ya kwanza.

"Kumi na moja," akarudia. "Kwani vipi?"

"Subiri usikie," nikamwambia. Nilianza kubonyeza kimoja kimoja kwa dole gumba, kwa nguvu zangu zote, kama vile kinasukuma mzigo. Cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Kilipofika cha saba, kilirudi nyuma kidogo sana, kama ukucha, na kikasema tii.

Kwenye shina lake kulikuwa na ufa ambao usingeuona mashine ikiwa imesimama. Kikiwa bila mzigo kilikaa wima kama wenzake. Kikipewa daftari la kusukuma kilikuwa kinalegea, na daftari linachelewa kufika kwenye kizuio. Mara nyingine pini zilisubiri. Mara nyingine hazikusubiri. Ndiyo maana sikuwahi kuona mpangilio kwenye madaftari: mpangilio ulikuwa kwenye mlio, nami siku zote nne nilikuwa nimeziba masikio.

Sasa kidole chenyewe hakitengenezwi tena popote duniani. Nikachukua mguu wa benchi lililovunjika, chuma kizuri cha zamani, nikakibana kwenye jiliwa, nikakata, nikaanza kupiga tupa. Cha kwanza nilikiharakisha kikatoka kinene, kikakwama kwenye mnyororo, nikakitupa ukutani. Saa kumi na mbili mlinzi akaja kufunga. Ijumaa asubuhi geti lilinikuta nje nalisubiri. Cha pili nilikipiga tupa polepole, kwa mwendo wa ile metali ya Mwalimu, mpaka kikaingia mahali pake bila kulazimishwa. Ilikuwa saa tano na nusu. Lori lilikuwa limeshaegeshwa uani, na vijana wawili wamekaa juu yake na minyororo yao.

Meneja akashuka na mtaalamu. Shati jeupe tena.

"Elfu moja mfululizo," meneja akasema. "Likitoka moja bovu, basi."

"Na lisipotoka?" nikamwuliza.

"Nati, tusicheze. Washa."

Nikavua vizuia sauti, nikavitupa kwenye sanduku la spana. Nikawasha. Bibi akaguna, akakohoa, akashika mwendo. Wanawake sita wakasimama mwisho wa mstari, kila daftari linalotoka linapita mikononi mwao, linageuzwa, linatazamwa mgongo. Mimi sikutazama daftari hata moja. Nilifumba macho nikahesabu mapigo. Tisa, kumi, kumi na moja. Lilifika na wenzake. Tisa, kumi, kumi na moja. Lilifika tena.

Sijui nilianza saa ngapi kuhesabu kwa sauti. Najua tu kwamba kwenye mia mbili na kitu Dada Gundi alidaka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anajua siri ya ile namba, na kila tulipoifikia alipiga kofi moja. Wa pembeni yake akadaka naye. Kufikia mia tano wote sita walikuwa wanakagua kwa macho na kupiga meza kwa kiganja, pamoja, kumi na moja!, kumi na moja!, na mimi ile sauti ya chini ya koo ikanitoka yenyewe. Nikaunguruma, jamani. Niliunguruma mbele ya meneja na mtaalamu na vijana wa lori, na hakuna aliyeniambia nipunguze. Mmoja wa wale vijana alikuwa anatikisa kichwa.

"Elfu moja!" Dada Gundi akapiga yowe. "Hakuna! Hakuna bovu hata moja!"

Meneja alichukua daftari la mwisho, akaligeuza, akalifungua, akalifunga. Akamtazama mtaalamu. Mtaalamu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Waambie wa lori waende," meneja akasema. Halafu akanisogelea, akapaza sauti ili nimsikie juu ya mashine. "Umejuaje?"

"Nilikuwa na mafundi watatu," nikamwambia. "Mshonaji, daktari wa meno na mwalimu wa hesabu."

Akadhani namkejeli. Nikamwambia ukitaka maelezo zaidi nunua spika ya kuweka humu ndani, Jumamosi tukifanya usafi nikufundishe. Hakukataa. Dada Gundi alinikumbatia hadi gundi yake ikanishika nywele, na ilibidi tukate kipande.

Jioni nikawaambia Wenye Masikio ukweli. Papo hapo Mama Pacha akaandika: "MENO UMEIPA STEPLA TISA." Aliandika hivyo mara sita. Meno alisema habadilishi alama, mpiga ngoma ni mpiga ngoma. Niliwatumia mlio mpya, wa Bibi aliyepona, Mwalimu akausikiliza akashusha hadi sita. Alisema ile ya kwanza ilikuwa na roho. Babu Spana nilimpigia mwenyewe kumwomba radhi, na swali lake lilikuwa moja tu: sasa yule aliyekuwa analia ndani ya ile mashine alikuwa nani?

Nyumbani mama alikuwa kwenye kiti chake, ameshajua kutokana na uso wangu kwamba barua sikupewa. Alishika mkono wangu akaubana kwa nguvu. Ndipo nikamsimulia yote. Nilitaka ajue kwamba makelele yangu ndiyo yaliyotuokoa, na sikuficha kwamba nilikuwa naringa. Nikamwekea ule mlio wa kwanza, wa Bibi mgonjwa. Sikumwambia namba.

Alifumba macho. Kidole chake kimoja kikaanza kugonga goti. Haikufika sekunde kumi na tano.

"Hapo," akasema. "Na hapo tena. Kuna mmoja anachelewa kuingia." Akafumbua macho akanitazama. "Ulikaa naye siku nne hukumsikia? Si ungeniletea mimi?"

Nilimkodolea macho. Mwalimu wa hesabu alitumia kipindi kizima!

"Unanishangaa nini? Nani alikufundisha kuhesabu, wewe?"

Nikacheka, naye akacheka, tukacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaniuliza yule babu alisikilizishwa nini mpaka akatangaza msiba. Nikamwambia ni wimbo wangu tu, mama, aachane nao. Akasema nimwekee. Nikauweka, kwa sauti ndogo, ile ya heshima, niliyoizoea mbele ya mama tangu nina miaka kumi na minne, nikisubiri sekunde kumi zipite ainue vidole vyake viwili.

Zikapita kumi. Zikapita ishirini. Kijana wa watu anaunguruma, ngoma zinakimbia chini yake, na kidole cha mama kiko kwenye goti, kinatafuta. Akakunja uso.

"Hapa wanageuza," akasema. "Walikuwa wanahesabu mapigo manne manne, sasa wanahesabu saba saba. Au siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Siwasikii vizuri," akasema, akavuta kiti chake karibu na changu. "Ongeza sauti."